Ndogo Kubwa

Mliponiaga mwezi uliopita, ninyi walimu vijana mnaobaki na chaki, mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifundisha sayansi na hesabu zamani. Mmoja wenu, simtaji, aliongeza kwamba nisisahau kueleza nilivyopanda vyeo. Hilo nitaliruka. Vyeo ni karatasi, na karatasi zangu nyingi zimeliwa na mchwa. Miaka ya mwisho pia nitaiacha, maana mlikuwepo na mnajua nani alikuwa akilala kwenye mikutano. Nitawaandikia habari za mwanzo, na zaidi habari za neno moja lililonifundisha kazi hii.

Nilikuja Nairobi kutoka Maragoli mwaka mmoja baada ya Uhuru, nikiwa na cheti cha ualimu, sanduku la bati, na viatu vyeupe alivyoninunulia kaka yangu aliyekuwa karani mjini. Shule niliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya Westlands. Upande mmoja uliona miti ya Kitisuru na nyumba zenye bustani, upande wa pili mabati ya Kangemi. Watoto wetu walikuwa wa wapishi na watunza bustani, wa makarani, wa mafundi wa baiskeli na wauza mboga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kabla sijafika langoni viatu vyangu vyeupe vilikuwa vyekundu.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Aliitwa Bwana Kioko, Mkamba mrefu, mkavu, mwenye suti moja ya kijivu ambayo sijawahi kuiona na kunyanzi. Hakunisalimu kwanza. Alinitazama kuanzia chini.

"Wewe ndio mwalimu mpya. Umekuja kwa miguu, kutoka Kangemi, na umepita kule kwa mto."

"Umejuaje, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidole kwenye viatu. Udongo mwekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kamba, na jani la magugu ya mtoni limenata kisiginoni.

"Hiyo swali yako ndio kazi yako hapa," akasema. "Umejuaje. Uliza hawa watoto hiyo swali kila siku, hata wakikuchoka. Karibu. Darasa la tatu ni ile ya mwisho, mlango ni nyembamba, chunga kichwa."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa siku ya kwanza. Nimehudhuria semina nyingi baadaye, zenye chai na maandazi, na sikuongezewa mengi juu yake.

Sasa niwaambie habari za somo langu la kwanza. Masomo yalitakiwa kwenda kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini, na mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewajaza watoto maneno makubwa ya sayansi. Niliona dimbwi uwanjani likipungua kwa jua, nikawauliza maji yalikuwa yakienda wapi. Mikono yote ikapanda. Nilifurahi sana, nikaona kumbe kazi ni rahisi.

"Yameenda evaporesheni," wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba.

"Vizuri. Na evaporesheni ni nini?"

Mikono yote ikashuka. Kisha Wafula, mtoto wa fundi baiskeli, akasimama kunisaidia. "Ni mbali kidogo, Mwalimu. Unapita stesheni."

Niligeukia ubao nikajifanya naandika, maana kicheko kilikuwa kimenibana. Lakini nilipoandika tarehe mara mbili nikagundua kwamba Wafula alikuwa ametumia akili. Alikuwa amepewa jina bila kitu, akalitafutia mahali panapofanana nalo. Stesheni aliijua, alikuwa amempokea mjomba wake huko. Jioni nikamweleza Bwana Kioko. Alicheka bila sauti, mikono mfukoni.

"Basi wapeleke hiyo stesheni," akasema.

Kesho yake akaniletea mwenyewe vyombo vya safari hiyo. Stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa imepoteza mguu mmoja, sufuria yenye kifuniko kilichotobolewa tundu, kitambaa cha kufungia pande zote ili mvuke utoke kwa tundu tu, na sahani ya bati. Ukiishika sahani baridi juu ya tundu, inalowa, na matone yanaanza kudondoka. Watoto walipanga foleni kuigusa ile sahani. Wafula alirudi mwisho wa foleni mara tatu akidhani simwoni. Hakuna aliyeniuliza tena njia ya kwenda evaporesheni.

Hesabu nazo tulizitoa kwenye ubao tukazipeleka mferejini. Pipa la jikoni lilijazwa na watoto kwa debe. Niliwauliza madebe mangapi yatajaza pipa, wakagawanya vizuri wakapata kumi. Tukaenda kujaza, na debe la kumi lilipokwisha pipa lilikuwa bado halijafika ukingoni. Wengine walinitazama kwa huruma, wakidhani hesabu imeniharibikia. Ilibidi turudi nyuma kutazama njia iliyolowa kutoka mferejini mpaka jikoni, ndipo wakaona sehemu ya jibu ilipokuwa imemwagika. Miaka ya baadaye galoni ziliondolewa tukaletewa lita, tukabadilisha namba zote, na debe likaendelea kumwagika vilevile.

Mara moja tuliwapeleka mjini, wakapanga mstari kando ya duka la viatu. Kila mtoto achague mpita njia mmoja, aseme anatoka wapi na amejuaje. Bwana mmoja alipita na tai na mkoba, anatembea kama mwenye benki, na mtoto mdogo kabisa wa darasa akasema kwa sauti, "Huyu anatoka kwetu." Udongo mwekundu ulikuwa umemganda kwenye kisigino. Yule bwana alisikia, akatazama viatu vyake, akacheka, akatuambia ni kweli, anakaa Kangemi nyuma ya kanisa.

Katikati ya muhula wa pili akaletwa Nyokabi.

Alikuwa msichana mrefu, aliyechelewa kuanza shule, aliyesoma madarasa mawili kijijini kwa nyanya yake huko Kiambu. Lugha aliyoijua ilikuwa Kikuyu. Baba yake alikuwa mtunza bustani Kitisuru. Alimwacha langoni asubuhi akakimbilia kazini, akisema atarudi mchana kusikia darasa alilopangiwa. Bwana Kioko alikuwa na desturi ya kumpima mtoto mgeni kwa vitu vilivyo mbele ya macho. Akampeleka jikoni, mahali ambapo uji wa wadogo ulikuwa ukipikwa kwa kuni mbichi, na mimi nikawafuata.

"Hii inatoka hapa ni nini?" akauliza, akielekeza kidole juu ya jiko.

"Ndogo," Nyokabi akajibu mara moja.

"Ndogo nini?"

Mtoto akatutazama kwa zamu, kama mtu aliyeulizwa jina la jina. Bwana Kioko akamrahisishia.

"Hiyo unaona. Ni kubwa ama ni ndogo?"

Nyokabi akainua macho, akalifuata lile wingu jeusi mpaka juu ya mabati. "Ni ndogo kubwa," akasema.

"Haiwezi kuwa ndogo na ikuwe kubwa."

"Ni ndogo kubwa sana," akasema Nyokabi kwa upole, na pale mferejini watoto waliokuwa wakichota maji wakaangua kicheko.

Kicheko kilimmaliza nguvu. Maswali yaliyofuata hakujibu hata moja. Mchana baba yake aliporudi, kofia mkononi, aliambiwa binti yake hajui kutofautisha kubwa na ndogo, na kwamba ataanza upya darasa la kwanza. Kwa kuwa hakuna dawati la darasa la kwanza lililomtosha, moja la darasa langu likabebwa kupelekwa huko.

Baba Nyokabi alimtazama binti yake, akanitazama mimi. "Mwalimu, huyu amefika hapa kwa kifua yangu. Akae na watoto ya kunyonya? Sawa, nitangoja mpaka mfunge shule. Kama bado atakuwa huko, heri akae nyumbani asaidie mama yake kushika mtoto."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi za nyumbani, na ndiyo maana nilimwamini.

Kile kicheko hakikunitoka kichwani. Watoto humcheka aliyekosea, lakini wale walicheka kama watu wanaojua kitu. Kesho yake nikawauliza darasani kwa nini walicheka. Wote wakatazama sakafu. Nikauliza tena. Wanjiku, msichana wa mbele ambaye kwa kawaida alijibu hata maswali ambayo hayajaulizwa, akatazama msumari kando ya mlango, na hapo nikaelewa.

Kwenye ule msumari kilining'inia kibao. Wenye umri wangu wanakijua. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na mtoto aliyeteleza akatamka neno la lugha ya kwao alivalishwa shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Kueleza kile kicheko kulihitaji neno moja la Kikuyu, na hapakuwa na mtoto aliyetaka kulilipia.

Nikakitoa kibao msumarini, nikakivaa mwenyewe. Kisha nikawasalimu kwa Kiluhya, nikawaeleza kwa Kiluhya, bila haraka, jinsi nilivyounguza uji asubuhi ile. Wafula na wenzake wa kutoka magharibi walishika midomo. Wengine hawakuelewa neno lakini walielewa kibao.

"Haya," nikasema kwa Kiswahili. "Kibao ninacho mimi, na leo simpi mtu. Ndogo ni nini?"

"Ni moshi, Mwalimu," akalipuka Wanjiku. "Kwetu moshi inaitwa ndogo. Na ile ilikuwa kubwa kweli."

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, watoto nao wakacheka, na katikati ya kicheko nikamwona Bwana Kioko dirishani akiitazama ile mbao kifuani mwangu.

Ofisini nilimweleza. Alisikiliza akiwa amesimama. Akasema kwa Kikamba moshi una jina lingine kabisa, ndiyo maana lilimpita. Nikadhani yamekwisha, nikamwomba Nyokabi aletwe darasa langu, la tatu.

"Bado," akasema. "Mimi nimekosa neno lake, sawa. Lakini mtihani haijui kwenu ni wapi. Siku ya mtihani atasema moshi?"

"Atasema."

"Umejuaje?"

Nikakiri kwamba sijui.

"Basi ngoja siku ya kufunga shule. Sufuria ile ile, swali yangu mwenyewe, baba yake akiwa hapo. Akishindwa, nitakuwa nimemwonea huruma tu, na huruma haipandishi mtu darasa. Na hiyo kibao?"

"Wakati wa sayansi ibaki msumarini, Mwalimu. Kwa kila mtu."

Akafikiri. "Wakati wa sayansi tu," akasema.

Basi kila mchana Nyokabi alikuwa akivuka uwanja kutoka darasa la kwanza, amebeba kibweta chake, anakuja kwetu kwa somo la sayansi. Tuligawa ubao sehemu tatu. Kwanza jina la nyumbani, la nyumba yoyote, kisha la Kiswahili, kisha la Kiingereza. Kila kitu kiliingia kwa mlango wake kikatokea upande wa pili kikiwa na majina yake yote. Kivuli, kutu, barafu, ukungu. Tuligundua kwamba nyanya yangu Maragoli alikuwa na neno moja tu la moshi na mvuke, na watoto walinisikitikia.

Siku moja nikawapa swali nililokuwa silijui jibu lake zuri. Moshi na mvuke vyote vinapanda, vyote vinaonekana kama wingu. Mtu atajuaje? Wakabishana rangi, wakabishana harufu. Nyokabi alikuwa bado anaogopa kusema. Aliinuka bila kuitwa, akachukua sahani ya bati akaishika juu ya sufuria, ikalowa. Akaipangusa kwa sketi, akaishika juu ya karatasi niliyoiwasha, ikaingia weusi. Akatuonyesha kidole chenye masizi.

"Ndogo inapaka," akasema. "Hii ingine inalowesha."

Nimefundisha muda mrefu, na bado nikikumbuka kile kidole cheusi nafurahi kama nilivyofurahi siku ile. Niliandika maneno yake ubaoni jinsi alivyoyasema, nikapiga mstari chini yake.

Siku ya kufunga shule ikafika. Baba Nyokabi alisimama mlangoni na kofia yake. Bwana Kioko aliingia na suti ya kijivu, akakagua stovu ya miguu miwili na tofali moja, akakagua sufuria, akakaza kitambaa mwenyewe. Sahani ya bati ilikaa juu ya vijiti, karibu na tundu. Mimi nilisukumwa nyuma ya darasa, nisije nikanong'ona. Maji yakachemka.

"Nyokabi. Hii inatoka hapa ni nini?"

"Ni mvuke, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Inalowesha sahani. Kama ni moshi ingepaka masizi."

Nilitaka kupiga makofi, lakini Bwana Kioko hakuwa mtu wa kumaliza jambo mapema. Alimgeukia baba yake, akaipa stovu mgongo, akaanza hotuba. Alieleza kwa nini mtoto afundishwe kufikiri, kwa nini nchi mpya inahitaji mafundi, akafika kwenye reli, akafika kwenye umeme. Nyokabi akainua mkono.

"Ngoja nimalize," akasema Bwana Kioko.

Akaingia kwenye habari za mabwawa. Mkono wa Nyokabi ulibaki juu, kisha ukaanza kupunga. "Mwalimu, mvuke imeacha."

"Mtoto mzuri hangoji?"

Mimi nilikuwa nyuma, nikiona koti la kijivu tu, pana kama pazia. Nyokabi alikuwa mbele, akiona sufuria. Akasimama.

"Mwalimu, maji imeisha. Saa hii ni ndogo."

Darasa zima likavuta pumzi. Macho yote yakakimbilia kibao, maana somo la sayansi lilikuwa limekwisha kwa kengele kabla ya hotuba, na neno lilikuwa limetoka mbele ya Mwalimu Mkuu.

Bwana Kioko aligeuka kwa uzito wote wa cheo chake. "Ndogo," akasema.

"Ndogo kubwa," akasema Nyokabi, na hakutazama chini.

Ndipo akaisikia harufu. Kitambaa alichokikaza mwenyewe kilikuwa kinaungua pande zote za sufuria iliyokauka, na moto ulikuwa umeshafika kwenye mkono wa suti. Baba Nyokabi alikuwa wa kwanza kufika. Aliiepua sufuria kwa kofia yake, akaitupa nje kwenye majani, akarudi akazima stovu. Mimi nilifika na kitambaa cha ubao nikiwa nimechelewa. Wafula alifungua madirisha. Tukakohoa wote kwa usawa, bila kubagua darasa.

Moshi ulipotawanyika Bwana Kioko alijipangusa macho. "Umejuaje maji imeisha, na kifuniko imefungwa?"

"Sauti, Mwalimu. Iliacha kuchemka. Halafu sahani ikakauka. Halafu ikapakwa."

"Na sasa uniambie tena jina yake. Pole pole."

"Kwetu ni ndogo. Kwa Kiswahili ni moshi. Kwa Kiingereza ni smoke, sir."

Alitazama kibao, akatazama shimo jeusi kwenye mkono wa suti yake ya pekee. "Mtu akiona moto," akasema, "aseme kwa lugha yoyote iko karibu." Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Mwalimu Kageha, leta dawati ya huyu mtoto irudi mahali yake. Leo, si mwaka ujao."

Baba Nyokabi aliigeuza kofia yake iliyoungua, akaitazama kwa ndani, akaivaa hivyo hivyo, na tabasamu lake lilikuwa pana kuliko ukingo wa kofia.

Watoto walikimbia darasa la kwanza wakarudi wamelibeba lile dawati juu juu, kwa nyimbo, mpaka mlangoni petu, na hapo likakwama. Mlango wetu ulikuwa ule mwembamba niliotahadharishwa siku ya kwanza. Walipolitoa walikuwa wamelitoa vipi, hakuna aliyekumbuka. Wakasukuma, wakavuta, Wafula akashauri waondoe ukuta. Nyokabi ndiye aliyewaambia waliweke chini. Akafungua kamba ya kibweta chake, akapima upana wa dawati, akapima mlango, akarudi kwenye dawati akalipima kimo, akafikiri, kamba ikiwa kati ya vidole. Bwana Kioko alikuwa amesimama kando yangu, bado ananuka kitambaa kilichoungua.

"Wapi shida?" akamuuliza.

"Mlango, Mwalimu," akasema Nyokabi. "Ni ndogo."

Bwana Kioko aliinua pua juu, akanusa hewa upande huu, akanusa upande ule, uso mkavu kabisa. "Ndogo? Mbona sioni moshi?"

Watoto waliokuwa wamelishika dawati waliliachia kwa kicheko. Nyokabi alimtazama kidogo kuhakikisha, kisha kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu akacheka kwa sauti, meno yote nje.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hii ni ndogo ya Kiswahili." Akalilaza dawati ubavu, likaingia.